Jiwe Nyuma ya Gurudumu



Kwa muda wa miezi minne jiwe moja lilikuwa sehemu ya gari letu. Lilikaa chini ya kiti cha mbele, limeviringishwa katika kipande cha gunia, na kila tulipoegesha penye mteremko mwanetu wa miaka tisa alishuka mbio akalitia nyuma ya gurudumu. Tulimsifu kwa wepesi wake. Wageni walipocheka, nasi tulicheka.

Gari lenyewe ni la zamani, na lilikwisha kupita mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia sisi. Miaka yote tuliyokaa nalo Mombasa hatukuitilia shaka breki yake ya mkono. Mitaa yetu ni tambarare. Gari hukaa pale lilipoachwa, na mwenye gari hudhani breki ndiyo iliyolizuia. Kisha riziki ikatupeleka Gesima, kaunti ya Nyamira, si mbali na mji wa Keroka. Huko nyumba zimejengwa migongoni mwa vilima, mashamba ya majani chai na migomba yanashuka hadi mabondeni, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Siku ya kwanza tuliegesha mbele ya lango, tukavuta breki, tukashuka. Hatujafunga mlango, gari likaanza kurudi nyuma taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau. Ndipo jiwe lilipopata kazi.

Tulimwendea fundi. Alifungua kifuniko cha mpini wa breki, akakaza nati iliyo chini yake, na robo saa haikutimia akatuambia twende salama. Mpini uliokuwa ukipanda hadi mlio wa 11 sasa ulikomea mlio wa 6, nao ulikuwa mgumu mkononi. Tuliuona ugumu ule kuwa ndiyo nguvu. Baada ya wiki mbili gari likateleza tena, nasi badala ya kuuliza kwa nini tukalirudia jiwe. Wazee walisema mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni kwamba jambo la hatari likifanywa kila siku hugeuka kuwa jambo la kawaida.

Ijumaa moja tulikuwa tukirejea kutoka Kisii mjini, tulikokwenda kuswali. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulifika langoni, tukakanyaga breki ya mguu, na mtoto akashuka na jiwe lake kama ilivyokuwa ada. Tukasikia jiwe likigusa mpira. Tukadhani amekwisha kusogea, tukainua mguu. Kumbe alikuwa bado ameinama, akilirekebisha jiwe kwa vidole kwa sababu halikukaa sawa kwenye matope. Gari likalisukuma jiwe, jiwe likateleza, na gurudumu likapita shubiri moja kutoka mkononi mwake. Alipiga kelele, tukakanyaga tena. Alhamdulillah, hakuguswa.

Jirani yetu, bibi wa Kisabato, alikuwa akichuma majani chai upande wa pili wa njia, naye aliyaona yote. Alikuja na kikapu chake mgongoni, akamwangalia mtoto vidole kimoja kimoja, kisha akatugeukia sisi. "Wanangu," akasema, "kumbe mtoto huyu ndiye breki ya gari lenu?" Hakusema kwa ukali. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Usiku ule tuliikumbuka hadithi ambayo sote tumefundishwa chuoni, iliyopokewa katika mkusanyo wa Imam Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali; naye akaelekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Tumeisimulia hadithi hiyo mara nyingi kuwaonya wengine. Lakini kumfunga ngamia ni wajibu wa mwenye ngamia. Sisi kamba yetu tulikuwa tumeifanya mkono wa mtoto, kisha tukaita hali hiyo tawakkul.

Jumapili tulikwenda kwa fundi mwingine, Keroka. Yeye hakuugusa mpini kwanza, bali alituuliza: unapanda milio mingapi, na ni mgumu au mlegevu? Akatueleza kwamba breki ya mkono ya magari mengi madogo hukamata kati ya mlio wa 5 na wa 8, na kitabu cha gari ndicho chenye idadi kamili. Mpini ukipanda juu mno, ama lainingi zimelika, ama waya umenyooka kupita kiasi. Mpini ukiwa mgumu na gari bado linateleza, huenda waya umekwama njiani, na nguvu za mkono haziyafikii magurudumu.

Aliweka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa maana breki ya mkono ingelazimika kulegezwa, kisha akapiga jeki nyuma na kuliweka gari juu ya vigogo imara. Alipozivua dramu za breki, mambo yakawa wazi. Upande wa kushoto, vile viatu viwili vya breki vyenye umbo la mwezi mchanga vilikuwa vimelika hadi lainingi ikawa nyembamba kama ukucha. Upande wa kulia lainingi ilikuwa nzima, lakini waya ulikuwa umeshika kutu ndani ya ala yake. Hewa ya chumvi tuliyoivuta miaka yote kule pwani, waya nao uliivuta. Gurudumu moja halikuwa na cha kushika, na la pili halikuwa na wa kulivuta.

Basi ile nati iliyokazwa mwanzo ilifanya nini? Iliufupisha mwendo wa mpini tu. Tena fundi alitueleza kwamba waya ukikazwa ili kuficha lainingi zilizolika, viatu havirudi mahali pake sawasawa, na kile kifaa kinachovisogeza chenyewe kadiri vinavyolika hushindwa kufanya kazi. Tiba huanzia kwenye gurudumu na kuishia kwenye mpini. Ikianzia kwenye mpini, huwa ni pambo.

Viatu vilibadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, ili breki isivute upande mmoja. Waya mpya ulitiwa. Vumbi la breki hakulipuliza kwa pumzi wala kwa upepo wa mashine, bali alililowesha na kulifuta, kwa kuwa linadhuru mapafu. Akavirekebisha viatu kwanza, waya mwishowe. Kisha tukaenda naye kwenye kilima, mahali pasipo watu, tukavuta breki na kuinua mguu polepole. Gari likatulia. Gharama yote haikufikia bei ya nguo za Idi za watoto wetu.

Dada zetu, tunawaandikia haya kwa sababu wengi wenu ndio mnaoendesha magari ya nyumbani, mkiwapeleka watoto skuli na madrasa. Hesabuni milio ya mpini leo. Fundi akitaka kukaza nati peke yake, mwombeni kwanza avue dramu awaonyeshe lainingi. Mkiegesha penye mteremko, geuzeni magurudumu ya mbele ili gari likiteleza lizuiwe na ukingo, na mliache gari katika gia. Kama ni la otomatiki, vuteni breki ya mkono kwanza, ndipo mtie herufi P. Wala msidhani pwani haina miteremko. Mnaijua njia ya kushukia feri pale Likoni, ambapo foleni husimama juu ya mwinamo, na mbele yake ni maji.

Juma lililofuata tulirudi tena kutoka kuswali. Gari liliposimama langoni, mtoto alikwisha fungua mlango, akawa anapapasa chini ya kiti akilitafuta jiwe. Tukamwambia akae, kazi ile haikuwa yake tangu mwanzo, na tukamwomba radhi. Akatuuliza kama alikuwa ameifanya vibaya.

Tukamwambia hapana, baba, waliokosea ni sisi.