Visiwa Visivyo na Usiku

Ukisema unakwenda visiwani, mashosti wote watafikiria Zanzibar: mchanga mweupe, madafu, upepo mwanana. Safari hii sahau hayo yote. Visiwa vya Lofoten viko Norway, kaskazini ya mstari wa Aktiki, na huko ni mawe kwa kwenda mbele. Milima yenye ncha imechomoza kutoka baharini kama meno ya papa, na chini yake kuna vijumba vyekundu vya mbao vilivyosimama kwenye nguzo majini.

Mimi na mume wangu tulikwenda mwezi Juni. Tulikodi mashua ya tanga mjini Svolvær pamoja na nahodha wake, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Ratiba hatukuwa nayo. Upepo ukilala, na sisi tunapumzika.

Kinachokuchanganya kwanza ni jua. Kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Julai halizami. Yaani saa sita ya usiku unasoma gazeti nje bila taa! Kile kisingizio cha wanandoa, "tutaongea kesho," huko hakina nguvu, maana kesho yenyewe haionekani inapoanzia.

Na sisi tulikuwa na la kuongea. Mwenzangu alikuwa amepata kazi Mwanza, mimi yangu iko Dar. Kwa miezi miwili, kila jambo hilo likitajwa, mmoja wetu anakumbuka ana simu ya kupiga.

Siku ya kwanza tuliingia Trollfjord, mkono wa bahari wenye urefu wa kilomita 2 hivi, ambao mlango wake una upana wa mita 100 tu. Nahodha akazima injini. Kuta za mawe huku na huku, tai wa baharini juu, na maji yakichuruzika miambani. Hakuna aliyesema neno.

Kisha tukageuka kusini-magharibi hadi kijiji cha Nusfjord. Hapo tukaonyeshwa vile vijumba, vinaitwa rorbu. Inasemekana Mfalme Øystein alijenga vya mwanzo mnamo mwaka 1120, kwa ajili ya wavuvi waliokuja kila majira ya baridi kufuata samaki wanaoshuka kutoka Bahari ya Barents kutaga mayai. Hadi leo samaki hao huanikwa kwenye vichanja bila chumvi wala moshi, kama ng'onda wa kwetu, na vichwa vyao huishia kwenye supu za Nigeria.

Wake za wavuvi wale walibaki nyumbani kwa miezi, na mashamba, mifugo na watoto. Nikamuuliza nahodha ndoa zilidumu vipi. Akajibu kwa kifupi, "Mke alijua mumewe anarudi lini."

Jibu lile lilitugusa wote wawili. Usiku huo, jua likiwa usoni, tuliongea mpaka chai ikaisha. Tukakubaliana: aende, lakini kwa miaka miwili tu, na kila mwisho wa mwezi mmoja wetu atasafiri.

Mkitaka kwenda, feri kutoka Bodø hadi Moskenes huchukua zaidi ya saa tatu. Bei za Norway si mchezo, kwa hiyo nunueni chakula dukani mpike wenyewe. Bebeni makoti mazito, kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, na lile jambo mnaloliahirisha.