Ndia Kuu: Duka Chini, Maskani Juu

Mgeni anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa mara ya kwanza huisoma Ndia Kuu kwenye ramani, akaelezwa kuwa ndia ni njia kwa Kimvita, akatazama kushoto na kulia, kisha akacheka. Njia kuu gani hii, ambamo tuktuk mbili zikikutana hapana budi moja ijibanze ukutani hadi nyingine ipite? Anayecheka ameupima upana. Waliolitoa jina hilo walipima shughuli. Palikuwa na zama ambapo karibu kila kilichoingia kisiwani kutoka baharini, na kila kilichotoka bara kwenda baharini, kilipita hapa au hatua chache kutoka hapa, na mtu aliyekuwa na duka Ndia Kuu hakuulizwa tena kama ana uwezo.

Ukisimama Ngomeni, yaani penye Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, utaona njia zikigawanyika. Moja ni barabara ya Mbarak Ali Hinawy, ipitayo Msikiti wa Mandhry wenye mnara uliochongoka, msikiti ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, kisha ikaelekea Uwanja wa Serikali na Bandari ya Kale. Ya pili ndiyo Ndia Kuu yenyewe. Karibu na hapo ipo nyumba ya roshani ambayo wapigaji picha hawaipiti bila ya kusimama. Ilijengwa mwaka 1898, ikawahi kuwa kituo cha polisi, halafu ikawa duka la vinyago na kumbukumbu za watalii. Kazi mbili zilizo mbali kabisa, na roshani ni ile ile.

Kabla ya kuzungumza juu ya maduka, yafaa kueleza nyumba hizi zilivyo, kwa kuwa duka la Ndia Kuu halikuwa kitu kilichosimama peke yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha kumficha mtu aliyesimama ndani ya dirisha. Dari ni za boriti za mikoko, na juu ya boriti huja mawe na sakafu ya chokaa. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa haifiki mbali, kwa kawaida futi tisa au kumi, chumba cha kale huwa chembamba na kirefu, na anayetaka nafasi zaidi huongeza chumba kingine sambamba na cha kwanza. Chini huwa ni duka na ghala. Juu huwa ni maskani. Mwenye duka aliteremka ngazi asubuhi, akafungua mbao za mlango, akakaa. Adhuhuri alipanda kula. Roshani za mbao, ambazo nyingi zina mkono wa mafundi wa Kihindi na athari za Kachi na Gujarati, ziliwawezesha wanawake wa nyumba kuona njia yote bila ya wao kuonekana. Basi duka lililindwa na macho yaliyo juu yake usiku na mchana, wala hapakuwa na haja ya kuajiri mlinzi.

Nje ya mlango palikuwa na baraza. Mteja hakusimama. Aliketi, akaletewa kahawa chungu kwa kikombe kidogo cha udongo, na bei ikazungumzwa baada ya habari za watu wa nyumbani kwisha.

Wakati wa kaskazi majahazi yaliteremka kutoka Ghuba yakiwa na tende, mazulia, makasha na samaki wakavu. Upepo ulipogeuka kuwa kusi yakarudi na boriti, nafaka, ngozi na, katika zama zile, meno ya ndovu. Picha za mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha reli nyembamba zikipita katika mitaa ya Mombasa, na juu yake toroli zenye paa la kitambaa, abiria ameketi akiwa nadhifu na wanaume wawili wakimsukuma kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Nitamke wazi kwamba sijapata kuiona picha ya namna hiyo nikafurahi moja kwa moja, kwani jicho langu huwaendea wale wanaosukuma.

Reli hizo zilikwenda Kilindini, na Kilindini ndiko biashara ilikokwenda. Reli kubwa ya kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1896 kutoka upande huo wa kisiwa, ikafika ziwani mwaka 1901. Gati za maji marefu zikafuata katika miaka ya 1920. Soko la Marikiti, ambalo Waingereza waliliita Mackinnon, lilijengwa mwaka 1914 nje ya vichochoro vya mji mkongwe, na wenye maduka wakaanza kuhamia kule ambako gari linaweza kupita. Bandari ya Kale haikufa. Hadi leo hupokea majahazi. Lakini njia iliyoitwa kuu kwa sababu ya bandari ilibakiwa na jina na nyumba zake, huku riziki ikisogea.

Ni vyema hapa kutazama mtaa wa pili, kwa kulinganisha. Mtaa wa Biashara, mwendo mfupi tu kwa miguu, una duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kina mama wote wa pwani hulijua kwa maandishi yaliyo ukingoni mwa leso zake, Mali ya Abdulla. Duka hilo huhesabu umri wake tangu mwaka 1887. Majengo ya Mtaa wa Biashara hayana uzuri wa Ndia Kuu, na sidhani kama kuna mtalii aliyepanda ndege kwa ajili ya kuyaona. Lakini harusi haijaacha kuhitaji leso, wala uzazi, wala matanga. Mtaa umebaki kuwa mtaa kwa sababu kitu kinachouzwa pale bado kinahitajiwa na watu wanaokaa karibu.

Ndia Kuu ilipata mteja mwingine. Katika miaka ya neema ya utalii, duka moja baada ya jingine liligeuka kuwa la vinyago, mikufu, sanduku za njumu na vikoi. Palipokuwa na kabati za dawa, pale penye duka la kale la Edward St. Rose, kioo chenye jina kilibaki mlangoni muda mrefu baada ya dawa kwisha. Mteja mpya alilipa vizuri, lakini hakuwa mtu wa jirani. Alikuja kwa basi, akakaa saa moja, akaondoka. Na aliposhituka huko kwao, njia nzima ilishituka naye. Fujo za Likoni mwaka 1997, shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002, machafuko ya baada ya uchaguzi mwishoni mwa 2007, maonyo ya usafiri yaliyotolewa na nchi za Magharibi mwaka 2014, na mwisho korona mwaka 2020: kila moja ilifunga milango kadhaa, na si yote iliyofunguliwa tena. Muuza leso katika zama zile zile alipungukiwa. Muuza vinyago alikatikiwa kabisa.

Leo hii ukipita utakuta mchanganyiko. Yapo maduka ya vinyago yaliyostahimili. Yapo ya udi na manukato, ambayo harufu yake hukukaribisha kabla hujayaona. Zipo buibui, simu na vifaa vyake, fundi cherehani, duka la maji na soda, na jikoni ndogo ambazo alasiri hutoa viazi karai na bajia, na foleni yake ni ya watoto wa madrasa. Wapo wanaosikitika kuona duka la kadi za simu chini ya roshani ya miaka mia. Mimi si miongoni mwao. Kadi za simu hununuliwa na jirani, na jirani hurudi kesho.

Kinachonitia hofu ni kuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mji wa Kale umekuwa eneo la hifadhi, na iko ofisi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ambayo mwenye nyumba hupaswa kuiendea kabla ya kubomoa au kubadilisha. Jambo hili limeokoa milango ya nakshi na roshani nyingi. Lakini sheria hutazama zaidi uso wa nyumba, na ugonjwa huanza ndani. Mpangaji anapotaka duka lake lipendeze upesi hupiga plasta ya saruji, kwani saruji hukauka haraka na chokaa hutaka subira. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, na chokaa huuacha utoke taratibu. Saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya, plasta huvimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Kisha mwenye nyumba hushangaa dari imeshuka katika msimu wa mvua za masika, ilhali ukuta aliupaka rangi juzi tu.

Zaidi ya hayo, ghorofa za juu nyingi hazina tena watu. Familia zimehamia kwenye nafasi pana, ng'ambo ya Nyali na kwingineko, na vyumba vya juu vimekuwa maghala. Boriti iliyozoea kubeba kitanda na kasha hubebeshwa marobota na maboksi hadi darini. Na paa likivuja, hakuna anayelala chini yake akaamshwa na tone.

Kwa nini basi wenyewe hawatengenezi? Hapa ndipo suala linapoingia majumbani mwetu. Tuseme mzee amefariki, akaacha mke, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike, na nyumba moja yenye duka. Mke ana thumni. Tukiigawa nyumba katika mafungu 64, mke hupata 8, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Hapo bado ni rahisi. Sasa mmoja wa mabinti afariki, nyumba haijagawanywa wala kuuzwa, akamwacha mume, wana wawili na mabinti wawili. Tuseme mamake amekwisha tangulia, na tuache kando alichomrithi mama huyo. Katika lile fungu alilolipata kwa baba, mume ana robo, na kila binti wa marehemu hubakiwa na mafungu 7 kati ya 512. Duka likilipa, kwa mfano tu, shilingi 20,000 kwa mwezi, haki ya mjukuu huyo ni shilingi 273 na senti. Nani atamwendea kumtaka achangie paa? Na pengine yuko Muscat au Uingereza, wala hajapata kuiona nyumba yenyewe.

Tusiitupie lawama mirathi. Mirathi imempa kila mwenye haki haki yake, hata yule binti ambaye desturi nyingi zingemnyima. Kosa ni la kuiacha tarika miaka thelathini bila ya hesabu. Njia zipo: warithi kwenda kwa Kadhi mapema, mmoja kuwafidia wenzake wakatoka katika mirathi kwa ridhaa, jambo ambalo mafakihi huliita takharuj, au angalau kukubaliana kwamba sehemu ya kodi isigawanywe, iwekwe kwa ajili ya nyumba. Hilo la mwisho tunalijua kutoka kwenye wakfu, kwani mafakihi wamekwisha kusema kuwa pato la wakfu huanza kwa kuitengeneza wakfu yenyewe, kisha ndipo wanufaika wapewe. Kanuni ya msikiti yaweza kutumika nyumbani.

Upande wa mpangaji nao una hoja. Sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka na mikahawa humlinda mwenye mkataba usioandikwa, au ulioandikwa wa muda usiozidi miaka mitano. Kodi haipandishwi wala mpangaji hatolewi bila ya notisi maalumu, na asiporidhika hupeleka shauri mbele ya baraza la kuamua kodi za majengo ya biashara. Kwa mwenye duka mdogo hii ni kinga kubwa, na bila hiyo nyuso nyingi tunazozijua Ndia Kuu zingekwisha kuondoka. Lakini pale kodi inapokuwa ya zama za baba, na warithi ni arubaini, hakuna upande wenye sababu ya kununua hata gunia moja la chokaa. Ndipo anapotokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, anayewalipa wote kwa siku moja, na ambaye uwanja una thamani kwake kuliko kilichojengwa juu yake.

Ninapopita baada ya Isha, maduka yakiwa yamefungwa na muuza kahawa akigonga vikombe vyake, huinua macho na kuhesabu madirisha ya juu. Lenye taa lina watu. Panakohoa mtoto, panalia redio, nguo imeanikwa kwenye roshani. Lisilo na taa lina maboksi. Juma lililopita, kutoka njia panda ya Ngomeni, nilihesabu yenye taa hadi nikafika kwenye nyumba ambayo boriti mpya zilikuwa zimelazwa barazani, zimefunikwa turubai, na kando yake pipa la chokaa iliyolowekwa. Ghorofa ya juu ilikuwa na taa.