Uwanja Usiodai Maji

Uwanja wa nyumba ya pwani haukuwa na nyasi. Waliokulia Mbagala, Tabata au Kimara miaka ya 1970 na 1980, Dar es Salaam ilipokuwa bado na mashamba ndani yake, wanaukumbuka kama mchanga mtupu uliofagiliwa alfajiri kwa chelewa, ukabaki na mistari ya ufagio mpaka kuku wa kwanza alipoivuruga. Utupu ule ulikuwa na maana: nyoka alionekana mapema, na moto wa jikoni haukuwa na cha kurukia. Pembezoni ulizunguka ua wa minyaa. Kijiti cha mnyaa huchomekwa tu ardhini kikashika, bila ndoo hata moja ya maji. Mbuzi hali mnyaa, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya, hivyo watoto walijifunza mapema kutouchezea.

Kivuli kilitokana na mti uliokutwa pale pale shamba lilipofyekwa, mara nyingi mkwaju au mbuyu. Karibu na dirisha la chumbani, kwa waliojaliwa, palikuwa na mkilua. Huo ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wenye ua la kunukia ambalo wanawake hulichanganya na rehani na asumini katika kikuba. Wataalamu walipoupa jina la kisayansi mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans, wakichukua Kiswahili kilekile cha uani. Hakuna aliyeita haya yote bustani, wala hakuna aliyelipwa kuyatunza.

Mabadiliko yalikuja na ukuta wa matofali. Kuanzia miaka ya 1990 viwanja vilipimwa, minyaa ikang'olewa, na vitalu vya miche vilivyopangwa kando ya Barabara ya Bagamoyo vikaanza kuamua sura ya nyumba za watu. Mwashoki wa India ulisimamishwa kwa mstari kama askari wa gwaride. Mwembamba, hautoi kivuli cha kuketi. Bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini, na mkrismasi ulishatoka Madagaska zamani. Chini zikatandazwa nyasi. Baadhi ya waliotaka nyasi "za kwetu" walileta kikuyu, ambayo kweli ni ya Afrika Mashariki, ila ni ya nyanda za juu zenye baridi. Kwa joto la Dar hudai maji jioni baada ya jioni. Kosa hilo ndilo la kufundishia: mmea unaweza kuwa wa nchi hii na bado ukawa mgeni kiwanjani. Nyasi za Pemba, zenye jani pana na zilizozoea chumvi ya pwani, zilikuwa hapo hapo.

Waliochoshwa na mpira wa maji walikimbilia pevingi. Kazi iliisha kweli, lakini joto likapanda hadi barazani, na mvua ya masika, isipopata pa kuzama, ikaingia kwa jirani. Kisha mwishoni mwa 2022 maji ya Mto Ruvu yakashuka, jiji likapata maji kwa zamu, na boza likawa la kusubiriwa. Nyasi ziligeuka rangi ya mkeka. Minyaa iliyosalia katika viwanja vya zamani haikubadilika hata kidogo, na watu wakaanza kuitazama upya.

Uwanja unaopangwa leo kwa mimea ya asili hauanzi na mche, bali na maji. Dar hupata mvua inayozidi kidogo milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 hupokea basi lita zipatazo 100,000. Zinazofurika kwenye simtanki huelekezwa kwenye shimo lenye kokoto, na hapo karibu ndipo penye haki ya mti mkubwa. Mkwaju huwekwa mbali na msingi, mita 10 zikipatikana, na kamwe si juu ya karo. Upande wa jua kali unafaa mishubiri, mikonge pori na adeniamu, ambayo huhifadhi maji katika shina lake nene na kuchanua maua ya waridi wakati mimea mingine imekauka. Utomvu wake ni sumu, basi isiwekwe wanapochezea watoto. Mkilua unataka kivuli, kwa hiyo husubiri mkwaju ukue.

Miche hutolewa kwenye viriba masika yanapoanza, mwezi wa tatu, mizizi ipate kushuka kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Majani makavu hurundikwa kuzunguka shina badala ya kuchomwa. Viangazi viwili vya mwanzo mche humwagiliwa. Anayeahidiwa uwanja usio na kazi tangu siku ya kwanza anadanganywa.

Sehemu kati ya mimea inaweza kubaki mchanga na kufagiliwa kwa chelewa kama zamani.

Na anayejenga mwaka huu azungukie kiwanja chake kabla greda halijaingia, afunge kitambaa kwenye kila mti anaotaka ubaki. Mkwaju wa miaka 40 hung'olewa asubuhi moja.