Mahabusu wa Morisi

Mjomba wangu alipotoka ndani baada ya miezi 7, bibi alimwuliza, "Walikufunga kwa kosa gani, mwanangu?" Mjomba akacheka, kicheko kikavu. "Mama, mimi sikufungwa. Mfungwa anaijua siku yake ya kutoka. Mimi nilikuwa mahabusu."

Maneno hayo yalinirudia niliposoma habari za Wayahudi wa Morisi. Ndiyo, msomaji, Morisi hii hii ya Bahari ya Hindi, ng'ambo ya Madagaska. Shuleni tulikaririshwa vita vya Hitler kama mambo ya Ulaya. Kumbe vilifika hadi upande wetu wa bahari.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1940 Wayahudi kutoka Vienna, Danzig na Prague walimkimbia Hitler kwa kuufuata mto Danube, kisha wakajazana melini kwenda Palestina. Huko mtawala alikuwa Mwingereza, nao hawakuwa na vibali. Kama 1,580 miongoni mwao wakapakiwa kwa nguvu kwenye meli nyingine mbili, na tarehe 26 Desemba wakafikishwa Morisi, koloni la Mwingereza huyo huyo. Makazi yao? Gereza la Beau Bassin.

Hebu fikiri, mwenzangu. Umemkimbia Hitler, halafu anayekufungia mlango ni adui yake Hitler! Wanaume walilazwa kwenye vyumba vya wafungwa, wanawake kwenye vibanda vya mabati, na katikati ukuta. Mwanzoni hata mume na mkewe hawakuruhusiwa kuwa pamoja. Baadaye ndipo walipopewa saa za kukutana. Taifodi na malaria zikawaandama. Hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote, na siku ya kutoka hawakuijua.

Sasa wangefanya nini? Wakaishi. Wakawafungulia watoto shule, wakatenga mahali pa kusalia, wakachora picha, wakaunda bendi ya jazi. Watoto wakazaliwa humo humo. Nilipofika hapo nikakiweka kitabu chini. Mjomba naye alipenda kutusimulia jinsi walivyocheza drafti kwa vizibo vya soda, na jinsi mzee mmoja alivyowafundisha vijana kusoma. Mimi nilidhani anatuficha machungu. Kumbe alikuwa anatueleza namna alivyobaki mtu.

Agosti 1945 mlango ulifunguliwa. Wengi wakapanda meli kwenda Palestina ile ile waliyofukuzwa. Zaidi ya 120 hawakuondoka. Wamelala makaburini Saint Martin, si mbali na gereza lile, na siku hizi pana jengo dogo la kumbukumbu yao.

Miaka 4 na nusu na ushee, basi. Mtu atasema hiyo ni historia fupi, haijazi hata ukurasa. Amwulize aliyewahi kulala mahabusu, usiku mmoja una urefu gani.

Bibi hakuuliza tena habari ya kosa. Alichemsha maji, akamwekea mjomba bafuni, akaenda kupika. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona ajabu kwamba hataki kujua. Leo nikiyafikiria yale makaburi ya Saint Martin, namwelewa bibi. Swali lenyewe ndilo lililokuwa na kosa.