Bibi, nyani na kitabu cha tai chi

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea sana. Kwanza UE, halafu fildi, halafu kule nilikokuwa mtandao unakuja asubuhi, unasalimia, unaondoka. Walioulizia kama nimehama chuo, sijahama, nipo nipo sana.

Leo naandika jambo ambalo rumeti wangu amelidai wiki nzima. Amechoka kuniona nimelala kitandani nachambua vitabu vya tai chi wakati madesa ya saikolojia ya elimu yamelala chini ya kitanda. Mtacheka. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Ilianza hivi. Bibi yangu mzaa baba anakaa Tarime, kule kwenye vilima, sehemu ambayo ukitoka nyumbani kwenda popote lazima uanze kwa kushuka. Masika alikuwa anashuka na ndoo, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona vizuri. Kilichobaki ni woga. Mwanamke aliyekuwa anatembea hadi sokoni na kurudi na debe kichwani akawa anatembea ukutaukuta kama mtu anayeingia chumba chenye giza. Sokoni akaacha, kanisani akaacha. Siku moja akaniambia, "Mura, miguu yangu haiamini tena ardhi." Niliposikia hivyo nikaingia ndani nikajifanya natafuta chaja.

Fildi yangu nilipangiwa wilaya ya Serengeti, sekondari moja upande wa Mugumu. Mkosi kwa wengine, kwangu ilikuwa neema, maana ukitoka Mugumu unavuka Mto Mara, unapita Nyamongo, unatokea Tarime. Vumbi utakalokula njiani ni lako, lakini wikiendi nafika kwa bibi. Ndipo nikapata wazo: kwa nini nisimfundishe tai chi?

Tai chi yenyewe niliionja hapa hapa chuoni. Taasisi ya Confucius ya UDOM ilifunguliwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na chuo kimoja cha Zhengzhou, jimbo la Henan, na Henan ndiko kiliko kijiji cha Chenjiagou kinachotajwa kuwa chimbuko la mchezo huu. Mwalimu mmoja wa Kichina alitupigisha muhula mmoja, asubuhi kwenye baridi ya Dodoma. Sisi wa elimu kitu kimoja kilitushangaza. Kwenye mazoezi ya kufundisha tunaonywa kila siku usilipe darasa mgongo, yeye akaingia na kutupa mgongo moja kwa moja. Akawa anacheza mbele, sisi nyuma tunafuata. Nitalirudia hili, maana ndilo lililoniponza.

Basi, muhula uliisha na mimi nilikuwa nimeshika nusu. Video? Jamani, bando la mwanachuo aliye fildi mnalijua, na kule kwa bibi hata ukiwa nalo kale kaduara kanazunguka mpaka unasinzia. Nikaona kitabu ndiyo dawa. Nikakipata kwenye vitabu vya mtumba, bei ya sahani mbili za wali maharage. Jalada zuri mno, mzee mwenye ndevu nyeupe juu ya mlima, mawingu yamemzunguka. Nyuma kinaahidi kuponya karibu kila kitu isipokuwa umaskini. Nikanunua bila kufungua katikati. Kosa la kwanza.

Kile kitabu kilikuwa na mikao 24, ule mfululizo uliotungwa China mwaka 1956 na kamati ya michezo ya serikali kutokana na mtindo wa Yang ili watu wa kawaida wajifunze kwa urahisi. Majina yake matamu. Kuna kutenganisha manyoya ya farasi, kuna korongo mweupe. Wa tano ni kupiga kinanda cha nyuzi, nikamwambia bibi huu ni kupiga litungu, akafurahi kweli maana marehemu babu alikuwa fundi. Tukafika wa sita.

"Na huu?"

"Kumfukuza nyani, bibi."

"Kwa kurudi nyuma?"

"Ndiyo, kitabu kinasema."

"Huyo aliyeandika hajalima mahindi."

Tukacheka. Halafu akarudi nyuma hatua moja, ya pili, na ya tatu akaegemea hewa. Akakaa chini puu, kwa bahati juu ya mabua ya mahindi yaliyokuwa yamerundikwa uani. Hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini uso niliouona pale ulikuwa ule ule wa masika. Shangazi alitoka jikoni na mwiko: "Umesomeshwa chuo kikuu uje umwangushe mama?" Sikuwa na jibu. Bibi hakusema na mimi mpaka jioni.

Usiku ule nikakaa na tochi ya simu nikakisoma kile kitabu upya, safari hii kama mwalimu anayekagua kitabu cha kiada. Ndipo nikaona. Kila mkao una picha moja, mtu ameshamaliza, ametulia anang'aa. Katikati hakuna kitu. Kwenye kumfukuza nyani unaona mguu uko nyuma, basi. Hakisemi kwamba ncha ya kidole ndiyo inagusa chini kwanza, kwamba uzito wote unabaki mguu wa mbele mpaka wa nyuma upate pa kukanyaga, ndipo unauhamisha polepole. Na tai chi yote iko hapo, kwenye kuhama. Kijana wa miaka ishirini na kitu akiruka hatua hiyo misuli inamwokoa. Bibi hana hiyo akiba.

Cha pili, kioo. Picha zote zimepigwa kwa mbele. Maandishi yanasema mguu wa kulia, wewe unaangalia picha mguu uko kushoto kwako. Mimi nilikuwa nafuata maandishi asubuhi na picha jioni, na nilimfundisha bibi mchanganyiko. Ndiyo maana yule mwalimu alitupa mgongo! Kitabu kizuri kinafanya kama yeye, kinakuonyesha mtu kwa nyuma angalau sehemu ngumu, au kinakueleza wazi anatazama upande gani.

Niliporudi Mugumu Jumatatu nikaanza kutafuta kwa hasira. Maktaba, mafaili ya kuazimana, jamaa yangu mmoja wa Dar akanipigia picha kurasa. Nilianza kuwa na jicho. Kwa mfano kuna mtego wa jina. Vitabu vya zamani vinaandika T'ai Chi Ch'uan, vipya vinaandika taijiquan, ni kitu kile kile, tahajia tu ilibadilika baada ya China kupitisha pinyin mwaka 1958. Ila mwandishi akikuambia "chi" ya tai chi ndiyo ile chi ya pumzi na nguvu za mwili, funga. Kwa Kichina ni herufi mbili tofauti kabisa. Hii ya tai chi ina maana ya kikomo, kilele. Mtu ambaye hajui jina la somo lake, magoti ya bibi yangu simkabidhi.

Na ahadi. Mapitio ya watafiti wa Cochrane ya mwaka 2019 kuhusu mazoezi na kuanguka kwa wazee yanasema tai chi huenda ikapunguza kuanguka kwa takriban asilimia 19. Mazoezi ya kawaida ya kusimama imara na kuinuka yalipunguza kwa asilimia 24. Kwa hiyo ni msaada wa kweli, lakini si muujiza, na kitabu kinachosema muujiza mimi sasa nakirudisha mezani.

Viwili ndivyo vilivyonifaa. Kimoja ni cha Cheng Man-ch'ing na Robert W. Smith, cha mwaka 1967. Cheng alikuwa mwanafunzi wa Yang Chengfu, akafupisha mfululizo mrefu wa mwalimu wake ukabaki mikao 37. Kina michoro ya nyayo inayoonyesha uzito umelalia mguu upi, na michoro ile ilinifungua macho kuliko picha. Kingine ni cha Paul Lam, daktari wa Sydney, kuhusu mikao ile 24, cha mwaka 2006, anayekwenda taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Huyo huyo mwaka 1997 aliongoza kuandaa tai chi ya watu wenye yabisi ya viungo, akatumia zaidi mtindo wa Sun kwa sababu unasimama wima zaidi, huchuchumai. Kwa mzee, hilo ni kubwa. Vitabu vya mabingwa wa zamani nimevisoma pia, ni vitamu, ila viliandikiwa watu ambao tayari wana mwalimu.

Wikiendi iliyofuata nilimwomba bibi msamaha kwanza, kabla ya kufungua begi. Akasema, "Leta, lakini nyani mwache shambani." Tukamwacha nyani.

Nilichukua michoro ya nyayo nikaichora uani, mguu mzito kwa mkaa, mwepesi kwa majivu. Bibi akaelewa papo hapo, hata sikueleza. Tatizo likawa mgongo. Nikimpa mgongo kama Mchina wangu, akiteleza simdaki. Kwa hiyo mdogo wangu, binti wa shangazi, yuko darasa la sita, akasimama mbele anaongoza na kopi mkononi, mimi nikasimama nyuma ya bibi. Kiti upande wake wa kushoto, ukuta kulia. Mikao minne tu. Ule wa mikono kama mawingu anaupenda, anauita kusukuma moshi. Na kila tukimaliza anainuka kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, maana ile asilimia 24 sikuisahau.

Fildi imeisha, nimerudi Dodoma. Siwezi kuwaambia kwamba bibi anakimbia. Fimbo bado anayo. Ila Jumapili mbili zilizopita alikwenda kanisani kwa miguu, akiteremka kile kilima, na mdogo wangu anasema njiani alimkataza kumshika mkono.

Jana amenitumia ujumbe kwa simu ya shangazi. Ukurasa wa nyayo umenyeshewa na mbuzi amemalizia kona, na bibi hataki kuendelea kwa kukisia. Bumu halijatoka lakini kopi nimeshatoa, seti mbili, nimezitia kwenye nailoni. Kama kuna mdau yeyote anapanda basi la kwenda Tarime wiki hii, aniachie namba yake.