Barua Mbili na Bamvua ya Shaaban

Vijana wa kisiwani kwetu wakipata nafasi ya kusoma ng'ambo huniletea barua zao tuzisome pamoja. Wengi huja na swali moja tu: chuo kipi kina jina kubwa? Mimi huwasimulia habari za mwaka 1988, kwa sababu mwaka huo nilikuwa na barua mbili za kusomea udaktari wa hisabati tumizi, na waliozichambua vizuri kunishinda mimi mwenyewe walikuwa watu wawili: mhadhiri wangu wa Nairobi, na baba yangu, nahodha, ambaye hakujua neno la Kiingereza.

Mimi ni mzaliwa wa Mbwajumali, upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa cha Pate, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kizingitini. Sisi ni Wabajuni, na kazi yetu ni bahari: nyavu, kamba mawe, boriti za mikoko. Maji ya kunywa tulikinga ya mvua kwenye jabia. Skuli nilianzia kisiwani, nikaendelea Lamu, kisha Shimo la Tewa, na hatimaye nikaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma hisabati.

Mapenzi ya hisabati tumizi hayakuniingia darasani. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa angani walijaribu kuipindua serikali, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Wanafunzi tulirudishwa makwetu, tukaamriwa kuripoti kwa machifu. Nikajikuta Mbwajumali, kijana wa mwaka wa pili, asubuhi namsaidia baba nyavu na mchana sina kazi.

Baba hakuwa na jedwali la maji. Alikuwa na mwezi. Ukimuuliza safari ya kesho itaondoka saa ngapi, alikujibu kwa swali: leo mwezi ngapi? Ukimwambia mwezi sita, alihesabu kwa vidole kimya kimya, akakutajia saa. Alijua kwamba mwezi mosi na mwezi kumi na tano ndipo bamvua inapokaribia, na kwamba siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Alijua kwamba kila siku maji huchelewa kwa kitu kinachopungua saa moja kidogo, na kwamba ikifika mwezi saba au nane ni maji mafu, chombo kizito hakitoki. Nilimsikia akihesabu hivyo tangu nikiwa mtoto, lakini mwaka ule wa kukaa bure ndipo nilipotaka kujua hesabu ile ina kosa la dakika ngapi.

Nikachukua upondo mkuukuu, nikaupaka mistari ya rangi nyekundu na nyeupe kila nusu futi, nikaukita mahali ambapo maji hayakauki. Kila nusu saa niliandika urefu wa maji kwenye daftari la miraba. Usiku nilikwenda na tochi, na mawe ya betri yalipokwisha nilichukua kandili. Watoto wa mtaani walizoea, wakawa wananisomea mistari kabla sijafika. Wazee walidhani serikali imenituma, na katika siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Ilibidi baba azunguke kuwaeleza kwamba mtoto anasoma tu.

Daftari lile lilinionyesha mambo mawili. La kwanza ni lile alilolijua baba: kati ya maji kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. La pili hakuna aliyekuwa amenieleza. Kwenye kijito chetu maji yalipanda upesi na kushuka polepole. Mchoro wangu haukuwa mlima ulionyooka pande zote mbili, ulikuwa umeinama. Miaka baadaye nilisoma sababu yake: katika maji ya kina kifupi kilele cha wimbi hukimbia kuliko bonde lake, na tofauti hiyo huzaa wimbi jingine lenye nusu ya kipindi cha lile kubwa, saa sita na dakika 12, linalopanda juu ya lile la kwanza na kulipinda. Wataalamu huliita M4. Nilipolisoma jina hilo nililijua kama mtu anavyomjua jirani yake.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi Nairobi na daftari langu. Katika maktaba ya Chiromo nilikutana na Laplace, Mfaransa aliyeandika milinganyo ya maji kujaa na kupwa katika miaka ya 1770. Na Kelvin, aliyebuni mwaka 1872 mashine ya magurudumu ya kutabiri maji. Nikakutana na Taasisi ya Maji ya Liverpool, iliyoanzishwa mwaka 1919 na Joseph Proudman pamoja na Arthur Doodson. Doodson alikuwa kiziwi, na ndiye aliyekokotoa maji ya fukwe za Normandy kwa ajili ya majeshi yaliyotua tarehe 6 Juni 1944. Mtu anakaa karibu na Liverpool, anaandika namba, na askari maelfu wanajua saa ya kushuka pwani. Kwa mtoto wa nahodha hayo hayakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Basi nilipomaliza uzamili niliomba Liverpool, kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Mhadhiri wangu akanishauri niombe na Marekani pia, Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence. Idara yao ya hisabati tumizi ilichipuka kutokana na mafunzo yaliyoanza mwaka 1941, wakati wa vita, chini ya William Prager, mhandisi na mwanahisabati aliyeihama Ujerumani ya Hitler. Na kufikia miaka ya 1980 walikuwa na watu kama David Gottlieb, bingwa wa kukokotoa milinganyo ya vimiminika kwa kompyuta. Zote mbili zikanikubali, Machi 1988, zikipishana kwa wiki chache.

Mhadhiri wangu aliziweka barua mezani, akachukua penseli. Alinisomea kama hakimu anavyosoma mkataba wa shamba. Liverpool: miaka mitatu, unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, msimamizi mmoja ametajwa kwa jina, karo na posho vimelipwa, tikiti ya kwenda na kurudi. Brown: miaka mitano, miwili ya mwanzo ni masomo, kisha mtihani wa kufuzu, posho kwa sharti la kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, msimamizi utamchagua mwenyewe baadaye. Jibu litumwe si baada ya tarehe 15 Aprili.

Yeye alipendelea Liverpool, na hakuficha. Maji ndiyo swali lako, aliniambia, na watu wa maji wako kule; miaka mitatu utakuwa umerudi na nchi inakuhitaji. Akanitajia Verdiana Masanja wa Tanzania, ambaye utaalamu wake ni mwendo wa vimiminika, aliyepata udaktari wake Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin katikati ya miaka ileile ya 1980, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata udaktari wa hisabati. Mtu hufuata elimu ilipo, alisema, hata kama ni kwa lugha ya watu. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nitakwenda kwetu nikawaulize wazazi, naye akakubali mara moja. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Masika yalikuwa yameshika. Yeyote aliyesafiri barabara ya Malindi kwenda Mokowe wakati wa mvua, miaka ile, ataelewa kwa nini sisemi mengi juu ya safari yenyewe. Nilifika nyumbani na matope mpaka magotini. Nilimbusu baba mkono, nikambusu mama, nikaenda kumwamkia bibi chumbani kwake. Baada ya Isha tukakaa ukumbini, nikawafasiria barua mstari kwa mstari.

Baba alianza na ile ya Liverpool. "Huyu mwalimu mmoja, mwanangu, akiumwa je? Akihamishwa je? Nani atakuwa juu yako?"

Nikatazama barua upya. Haikusema.

Akaja kwenye ya Marekani. "Hiyo posho ni ya mwaka mmoja ama ya miaka yote mitano?" Barua ilisema itaendelea kila mwaka kwa kutegemea maendeleo ya mwanafunzi. Baba akataka nimsomee tena maneno hayo, polepole. "Nani anayepima hayo maendeleo? Na huo mtihani, ukianguka, wakurudisha nyumbani ama wakupa tena?" Hilo nalo halikuandikwa. Nilikaa na penseli nikiandika maswali pembeni mwa karatasi, maswali ambayo mimi mwenye shahada mbili sikuwa nimeyaona, kwa sababu nilipozipokea zile barua nilikuwa nimesoma pongezi tu.

Mama alikuwa na hesabu yake. Miaka mitano ni mingi, alisema. Bibi yako ni mtu mzima. Bibi, ambaye tulidhani amelala, akajibu kutoka ndani kwamba yeye ni wa Mungu na asifanywe sababu.

Kisha baba akauliza swali ambalo ndilo lililokata shauri. "Maji ya hapa wayajua. Usichokijua ni kitu gani?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu. Kupima nilijua. Milinganyo ya Laplace nilikuwa nimeisoma na kuielewa. Nisichokijua ni jinsi ya kuikokotoa kwa mashine pale pwani inapokuwa na vijito, mikoko na mafungu, mahali ambapo kalamu na karatasi hazifiki. Na jinsi ya kuthibitisha kwamba namba zinazotoka kwenye kompyuta ni maji kweli, si kosa lililokua humo ndani mpaka likafanana na wimbi. Nairobi nilijifunza hayo kidogo sana. Saa za kompyuta tulipangiwa kwa zamu. Liverpool wangenipokea kama mtu anayeyajua tayari. Brown wangenifundisha kwanza, miaka miwili, ndipo wanipime. Nilimweleza baba hivyo kwa maneno ya kwetu, na nilipokuwa namweleza nikasikia nimeshachagua.

"Basi nenda wanakofundisha," alisema. Akaondoka kwenda kulala.

Naandika haya nikijua kwamba mwingine mwenye barua zilezile angechagua Liverpool na angefanya sawa. Kama ningekuwa nimefundishwa ukokotoaji vizuri, ningekwenda Liverpool mimi mwenyewe. Aliyekuja na maarifa kamili hana sababu ya kukaa darasani miaka miwili.

Lilibaki suala la kujibu. Telegramu ilipigwa kutoka posta ya Lamu, na kutoka kwetu kwenda Lamu mlango ni Mkanda, ule ujia mwembamba kati ya bara na kisiwa cha Manda, ambao maji yakipwa haupitiki. Shaaban ilikuwa inaishia, Ramadhani imebisha hodi, bamvua inaingia. Baba alihesabu vidole vyake, akasema Jumatano mchana tuondoke. Tulipita Mkanda alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko pande zote mbili, na Alhamisi asubuhi, tarehe 14 Aprili, nilikuwa mlangoni mwa posta kabla haijafunguliwa. Nilituma telegramu mbili. Ya Liverpool ndiyo niliyoitunga kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa anaingoja nafasi ile.

Providence sitaisimulia sana; baridi ni baridi, na upweke kila aliyeishi ugenini anaujua. Nilifundisha, nilifaulu mtihani wa kufuzu, na tasnifu yangu ilihusu mwendo wa maji katika mlango wa kina kifupi wenye midomo miwili. Sikuutaja Mkanda katika kichwa cha tasnifu, lakini vipimo vya kwanza vilivyomo ndani yake ni vya daftari la miraba. Bibi alifariki katika mwaka wangu wa tatu. Baba aliniona narudi.

Tangu hapo nimefundisha katika vyuo vya umma hapa nchini. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ya Sumatra ilipofika Afrika Mashariki, kipimo cha maji cha Lamu kiliiandika. Somalia walikufa watu wapatao 300, wengi wao Hafun. Kenya alikufa mmoja. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, maji ya bamvua, na wimbi lilitukuta bahari ikiwa bado chini, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Lingefika saa nne baadaye, lingepanda juu ya maji yaliyojaa. Mzee yeyote wa Mbwajumali angekwambia hivyo kwa kuhesabu vidole. Kusema lingepanda kiasi gani, na lingeingia mtaa upi, kunahitaji ukokotoaji niliokwenda kuufuata, na pwani yetu bado ina watu wachache mno wanaouweza.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wenzangu, na wazazi wa kwetu, Lamu Mashariki: mtoto akija na barua, kaeni naye mwisome yote, mpaka mstari wa mwisho. Ulizeni posho ni ya miaka mingapi, mtihani ukishindikana inakuwaje, msimamizi akiondoka anabaki na nani, na wangapi kati ya walioingia walimaliza. Na wewe kijana mwenye barua, yale ambayo barua haisemi waandikie wenye chuo uwaulize, watajibu. Vyuo vingi vya Marekani bado vinangoja jibu mpaka tarehe 15 Aprili, na masika bado huanza mapema kuliko hapo.