Likizo ya Agosti: Miamba Mitatu Njiani Kwenda Kisumu

Likizo ya Agosti ikikaribia, familia nyingi zinazoishi pwani hufunga mizigo kwenda magharibi kuwaona babu na nyanya. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na kutoka hapo hadi Kisumu ni kama 350 zaidi. Wengi wetu huimaliza safari hiyo kwa pupa, watoto wakilala na kuamka garini huku wakiuliza, "Tumefika?" Sisi tuliamua kuigawa kwa siku tano, na kila pahali pa kupumzika pawe na mwamba wa kupanda.

Msomaji mpendwa, usidhani huu ni mchezo wa wageni au wa vijana tu. Mtoto anayepanda mwembe anaweza kujifunza kupanda mwamba, mradi wazazi wapange mambo mapema.

Kabla ya kuondoka

Tulijiwekea kanuni tatu. Ya kwanza, mwamba ni wa asubuhi na barabara ni ya mchana, usiku hatusafiri. Ya pili, mwamba mmoja kwa siku unatosha. Ya tatu, mtoto akisema "nataka kushuka", anashushwa bila kubembelezwa wala kuchekwa.

Kila mmoja alibeba raba zenye soli ya kushika, suruali ndefu, sweta na chupa ya maji. Kamba, mishipi na kofia ngumu tulikodi kwa viongozi wenye ujuzi. Tafadhali, mama, usithubutu kutumia kamba ya kufungia mizigo. Kamba ya kupandia imetengenezwa ivutike kidogo, ili mtu akianguka asikatwe kiunoni.

Lukenya: darasa la kwanza

Siku ya kwanza tuliondoka Mombasa alfajiri, tukalala Athi River. Kesho yake asubuhi tulikwenda Lukenya, kilima kilicho karibu na barabara kuu, kama kilomita 40 kabla ya Nairobi. Wapandaji wa Nairobi wamefanyia mazoezi hapa kwa miaka mingi, hasa wanachama wa Mountain Club of Kenya. Ni vyema kuulizia ruhusa na kiongozi mapema.

Hapa ndipo watoto walipofundishwa kazi ya kamba. Kamba hupitishwa juu ya mwamba palipofungwa imara. Mwisho mmoja hufungwa kwenye mshipi wa mpandaji, na upande wa pili hushikwa na mtu aliye chini, akiivuta kadiri mwenzake anavyopanda. Mpandaji akiteleza, huning'inia pale pale. Walifundishwa pia kutumia miguu zaidi kuliko mikono, kwa maana mikono huchoka upesi.

Lukenya kuna nyuki. Msipige kelele, msirushe mawe kwenye nyufa, wala msijipake manukato. Mkiwaona wamekusanyika, ondokeni.

Hell's Gate: bibi arusi aliyegeuka

Mchana huo tulipita Nairobi, tukateremka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Mbuga ya Hell's Gate ilianzishwa mwaka 1984, nayo ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na baiskeli. Pundamilia na twiga hula majani kando ya njia. Nyati nao wapo, kwa hiyo watoto wasitangulie peke yao.

Karibu na lango husimama Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi. Ilipewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka nyuma kuangalia kwao, akawa jiwe.

Binti yetu wa miaka tisa alifika katikati, akaanza kutetemeka. Baba yake alitaka kumhimiza, kwa kuwa kilele kilionekana karibu. Tulikumbushana kanuni ya tatu, akashushwa taratibu. Alikaa chini akiwatazama pimbi wakikimbia mawe kwa mawe, na baada ya saa moja akaomba yeye mwenyewe kujaribu tena. Hakufika kileleni mara ya pili pia, lakini aliipita alama yake ya kwanza, akashuka akicheka.

Neno moja la uzito. Korongo la mbuga hii linavutia, ila limekwisha kuua. Mwaka 2012 vijana saba waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa walichukuliwa na maji ya ghafla, na mwaka 2019 watu wengine saba walikufa vivyo hivyo. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali na macho yenu, na maji yakashuka kwa nguvu kati ya kuta zisizo na pa kukimbilia. Waulizeni askari wa mbuga kwanza. Wakisema hapana, au mkiona wingu zito, msiingie.

Kit Mikayi: jiwe la mke wa kwanza

Siku ya nne ilikuwa ya barabara tu, kupitia Nakuru na mashamba ya chai ya Kericho. Ya tano tulikwenda Kit Mikayi, kama kilomita 30 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Bondo. Ni majabali makubwa yaliyopandana. Kwa Kijaluo jina hilo ni "jiwe la mke wa kwanza". Husimuliwa kuwa mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo akawa anashinda hapo kutwa, mkewe akimletea chakula. Mama huyo akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Hapa hatukuhitaji kamba. Kiongozi wa kijijini alituongoza kupita katikati ya mawe, tukishikana mikono. Watu huja kufunga na kuomba katika mapango yake, kwa hiyo tuliwaambia watoto wanyamaze. Mwezi Agosti mvua ya magharibi hunyesha mara nyingi alasiri, na jiwe lenye maji huteleza, fikeni asubuhi.

Mama mwenzetu, ukipanga safari kama hii, piga simu wiki moja kabla uulize ada na viongozi, maana bei hubadilika. Acha siku moja bila mpango, kwa ajili ya mvua au mtoto mwenye homa. Mwamba ukiwashinda mwaka huu, mtaukuta mwaka ujao.